Udhaifu wa Mume Wangu

Bahasha ilifika Jumanne, siku ya kutoa taka za plastiki, na Sachie aliipokea mlangoni mikono ikiwa bado na povu la chupa alizokuwa akisuuza. Alipoona nembo ya Kampuni ya Isegami alirudi jikoni, akanawa upya, akajifuta, ndipo akaifungua kwa kisu. Barua ya kampuni haichanwi kwa vidole. Kampuni ndiyo iliyomlisha mumewe miaka thelathini na mmoja. Hata kalenda iliyoning'inia ukutani, yenye picha ya pampu ya maji kila mwezi kana kwamba pampu ni maua, ilitoka huko.

“Mama,” alimwita mama mkwe wake, “sikia hii. Baba Honoka amechaguliwa.”

Bibi Toyo, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa ameingiza miguu chini ya meza fupi yenye kipasha joto, blanketi lake limemfika kiunoni, anatazama mapishi kwenye televisheni. “Amechaguliwa kuwa nini?”

“Imeandikwa hapa. Mumeo amechaguliwa kuingia katika Chumba cha Kukuza Watumishi.”

“Kukuzwa? Ana miaka hamsini na nne. Akikua zaidi atagonga kichwa mlangoni.”

“Mama, ni mafunzo. Labda wanataka kumpandisha.”

Bibi Toyo alipunguza sauti ya televisheni, jambo asilolifanya hata kwa tetemeko dogo la ardhi. Sachie akaendelea kusoma. Kampuni iliomba familia impe mtumishi msaada: mke aandike barua fupi, ataje udhaifu wa mumewe anaouona nyumbani, ili wakufunzi wajue pa kuanzia. Bahasha ya kurudishia, yenye stempu, imeambatanishwa.

“Niandike nini?” Sachie alisema. “Udhaifu wake ni kwamba hasemi. Ukimuuliza kama supu ina chumvi, anakunywa mpaka bakuli liishe halafu anasema ‘ndiyo’.”

“Hilo usiandike, watadhani unalalamika. Andika hafai.”

“Hafai?”

“Hafai, mzito, hana akili, mnivumilie. Utaandikaje lingine? Ukimsifu watasema mwanangu alioa mwanamke asiyefunzwa kwao.”

Na kweli. Huku kwetu mtu hamsifu wa kwake mbele ya watu. Mume ni huyu mjinga wangu, mtoto ni zuzu letu, na keki uliyoipangia foleni kwa saa mbili unamkabidhi jirani ukimwambia ni kitu cha hovyo tu, usikitazame. Anayesema anajua si kweli, anayesikia anajua si kweli, na kila mmoja anajua mwenzake anajua. Hiyo ndiyo adabu. Imetulea, imetuoza, na imetuzika.

Basi Sachie alitoa kalamu yake nzuri na karatasi yenye mistari ya wima, akaandika kwa mwandiko aliojifunza kwa bakora:

“Mume wangu ni mtu asiye na akili ya kutosha. Ni mzito wa kujifunza mambo mapya, na nyumbani ni mzigo tu. Naona haya kwamba kwa miaka yote hii amewasumbua. Nawaomba msimwonee huruma, mumfundishe kwa ukali.”

Bibi Toyo aliisoma kwa miwani, akaisoma bila miwani. “Imekaa sawa,” alisema. “Hilo la mzigo ni zuri sana.”

Barua ikaenda posta kabla ya saa sita. Jioni Sachie akapika wali wa maharage mekundu, ule unaopikwa mtoto akifaulu mtihani au binti akiposwa.

Bwana Nukui Tetsuro alirudi kwa wakati wake. Alivua kiatu kimoja, akanusa. “Kuna nini leo?”

“Usijifanye hujui,” Sachie alisema. “Kampuni imeniandikia.”

Alibaki amesimama na kiatu kimoja. “Imekuandikia nini?”

“Kwamba umechaguliwa. Ungenificha mpaka lini?”

Alimtazama mkewe, akatazama sufuria, akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa na vijiti vya kulia mkononi. “Wametaka barua?”

“Nimeshaitia posta.”

“Basi tule,” alisema, akavua kiatu cha pili.

Alikula bakuli mbili. Mtu akila bakuli mbili za wali wa sherehe bila kusema neno, ama ana furaha kubwa, ama anatafuta cha kuzibia koo.

Chumba cha Kukuza Watumishi kilikuwa ghorofa ya tatu, mahali palipowekwa zamani mashine mbovu za kuchapa. Mashine mbovu zilitolewa, wakaletwa watu wazima sita. Meza zao zilitazama ukuta. Simu haikuwepo, kompyuta haikuwepo, na dirisha lilibandikwa karatasi nyeupe ili, kama alivyosema mkufunzi, mawazo yasitoroke.

Sheria ya nchi haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu hivi hivi, eti kwa sababu amezeeka na mshahara wake umenenepa. Basi wenye akili wakakaa, wakafikiri, wakapata dawa: usimfukuze, mfundishe. Mfundishe mpaka aombe kuondoka mwenyewe. Na kwa kuwa yanaitwa mafunzo, nani atalalamika? Utakwenda mahakamani kusema ati bosi wangu ananiendeleza?

Mkufunzi aliitwa Kuwabara, umri wake miaka thelathini na mitatu, nywele zimekaa kama zimechorwa. Cheti chake cha ukufunzi alikipata kwa siku tatu katika hoteli moja yenye maji ya moto, chakula cha mchana kikiwemo. Pampu alizijua kwa picha.

Somo la asubuhi lilikuwa kusalimia. Wale wanaume sita, mmoja wao akiwa ameanza kazi kabla Kuwabara hajazaliwa, walisimama mbele ya ukuta na kupaza sauti: habari za asubuhi. Halafu kuinama kidogo, kuinama wastani, kuinama sana, Kuwabara akipima migongo yao kwa kipimo cha pembe cha watoto wa shule. Kuanzia hapo hadi jioni walinakili kwa mkono maadili kumi ya kampuni, mara hamsini. La nne lilisema: Mtu ndiye hazina yetu.

Bwana Nukui aliyanakili. Mikono ile ilikuwa imewafundisha kazi mafundi kumi na tisa. Alimpa kila mmoja bisibisi, akamwambia ashike ncha kwenye pampu na mpini kwenye sikio, asikilize. Siku ya kwanza hawasikii kitu ila kelele. Mwezi wa tatu wanasikia beringi inayotaka kufa kama mtu anavyosikia kikohozi cha mwanawe chumba cha pili. Hakuna aliyepewa cheti, na hakuna pampu waliyoipitisha iliyorudishwa. Hayo hayakuwa na jina zuri, kwa hiyo hayakuhesabiwa kuwa mafunzo.

Jumatatu Kuwabara aliingia na faili. “Leo tuna zawadi,” alisema. “Familia ya Bwana Nukui imekuwa ya kwanza kujibu. Tusimame.”

Wakasimama. Akasoma barua yote, taratibu, kwa sauti ya mtangazaji. Alipofika kwenye mzigo aliinua macho kumtazama Bwana Nukui, akaendelea.

“Bwana Nukui,” alisema alipomaliza, “unajisikiaje?”

“Nimepokea.”

“Mzito wa kujifunza mambo mapya. Hayo siyasemi mimi. Ni mtu aliyelala na wewe chumba kimoja miaka ishirini na mitano.”

Bwana Ezure wa meza ya mlangoni, aliyekuwa fundi wa kupaka pampu rangi, alisema akitazama ukuta: “Mwalimu, hiyo ni barua ya mke. Wake wote huandika hivyo.”

“Wake wote, Bwana Ezure? Basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyofikiri.”

Kuwabara alijua kwamba barua ile ni adabu tu. Mama yake mwenyewe, siku aliyompeleka kwa kampuni, alisema mbele ya meneja kwamba mwanawe ni mpumbavu, na meneja akajibu la hasha, na wote wakanywa chai. Alijua vizuri sana. Ndiyo maana wazo la barua lilikuwa lake, na wakubwa wa juu walimpongeza kwalo.

Akaweka karatasi mbele ya Bwana Nukui. Naacha kazi kwa hiari yangu na kwa sababu zangu binafsi. Chini palikuwa na duara dogo jekundu la kugonga muhuri wa jina, ambao huku kwetu ndio sahihi.

“Ukigonga kufikia Ijumaa unapata mshahara wa miezi sita juu ya kiinua mgongo,” Kuwabara alisema. “Usipogonga, mshahara wako utapangwa upya kufuatana na faili. Na faili, sasa, unajua ina nini.”

Mkopo wa nyumba ulikuwa umebaki miaka sita, na binti yao Honoka alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Bwana Nukui aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa ndani, akashika kalamu. Alikuwa amefika mara ya thelathini na moja.

Jumanne ilikuwa sikukuu. Msimamizi wa karakana, Bwana Ogasa, alikuja nyumbani kwao na mfuko wa machenza, akabaki mlangoni anatazama nyuma kama mtu aliyekuja kwa mke wa mwingine.

“Machenza yenyewe hayafai,” alisema, “makavu, ya kutupa tu.”

“Umejisumbua bure,” alisema Sachie, akipokea machenza mazuri kuliko yote ya dukani. “Ingia, ingawa nyumba yetu ni banda.”

“Sikai, Mama Nukui. Nilitaka fundi anisikilizie kitu tu.” Alitoa simu, akaibonyeza. Ikatoka sauti ya pampu inayokwaruza, ikipanda na kushuka. Bwana Nukui aliisogeza sikioni, akafumba macho. Bibi Toyo naye akafumba macho, kwa ajili ya kushiriki.

“Simu haitoshi,” Bwana Nukui alisema mwishoni. “Lakini fungueni upande wa mota. Beringi ya ndani. Si grisi, imekaa upande. Nani aliifunga?”

“Mgeni. Hana mtu wa kumwonyesha.” Ogasa aliinama sana, bila kupimwa. “Siku nne tumekwama. Nimeomba nije kukuuliza ghorofa ya tatu, wamenikataza. Wanasema ukiwa kule usizungumzishwe, utapoteza umakini.”

“Kule wapi?” Sachie aliuliza.

Ogasa alimtazama Bwana Nukui. Bwana Nukui alitazama machenza.

“Kule wapi, Bwana Ogasa? Si yuko kwenye mafunzo?”

“Mama Nukui,” alisema Ogasa, na shingo yake ikawa nyekundu kuliko machenza, “watu wote wa karakana wanajua wewe ni mke mwema. Ile barua hakuna aliyeichukulia kwa ubaya. Hata waliposoma kwa sauti.”

Alipoondoka hakuna aliyemsindikiza.

“Walisoma kwa sauti,” Sachie alisema.

“Barua ilikuwa nzuri,” mumewe alisema. “Mwandiko mzuri.”

“Niambie yote.”

Akamwambia. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo tangu siku ya harusi, na siku ya harusi aliyasoma kwenye karatasi. Aliwaambia juu ya ukuta, kipimo cha pembe, dirisha lililobandikwa. Alitoa karatasi ya mfukoni, akaifungua mezani, duara jekundu likiwatazama.

“Na wewe ukala wali wangu,” Sachie alisema.

“Ulikuwa umeshapikwa.”

“Bakuli mbili.”

“Ningekula moja ungejua.”

Bibi Toyo alikuwa akimenya chenza vipande vipande bila kula. “Huyo mtoto hajui kwamba barua ile ni adabu?”

“Anajua, Mama. Hakuzaliwa mwezini.”

“Basi si mjinga. Ni mwizi. Kaingia nyumbani kwangu kaiba adabu yangu, kaitumia kumpigia mwanangu.” Alisukuma maganda. “Mimi ndiye niliyesema andika hafai. Mimi, mama yake.”

“Nitagonga muhuri,” Bwana Nukui alisema. “Miezi sita ni pesa. Nitapata kazi ya ulinzi wa magari.”

“Kwa hiyo wataandika umeondoka kwa hiari, na sababu wataniweka mimi.” Sachie alikunja karatasi ile pale pale palipokuwa na mikunjo. “Usigonge kitu mpaka nikuambie. Miaka ishirini na mitano nimekutii kwa sababu hukuniamuru chochote. Leo nakuamuru mimi.”

Alhamisi alivaa suti ya kijivu aliyoivaa Honoka alipoingia chuoni. Mapokezi walimpa kitambulisho cha mgeni na ndara za plastiki za kuvaa ndani, zilizokuwa ndogo kwa namba mbili, akapanda ghorofa tatu visigino vikigusa sakafu ya baridi. Pampu zilisikika chini, na moja bado ilikuwa inakwaruza.

Kuwabara alimpokea kwa kuinama wastani. “Mama Nukui. Barua yako imetusaidia sana.”

“Nimekuja kuibadilisha.”

“Bahati mbaya imeshaingia kwenye faili. Kinachoingia hakitoki.” Alitabasamu. “Lakini kama una neno la kumwambia mumeo, karibu. Familia nyingine zimekuja na zimewasaidia wazee wetu kufanya uamuzi. Kesho ndiyo mwisho.”

Alidhani amekuja kumbembeleza agonge. Akamfungulia mlango mwenyewe.

Wanaume sita walikuwa wameupa mgongo mlango. Waliposikia ndara waligeuka, wakasimama wote kwa pamoja. Bwana Nukui alisimama wa mwisho, wino kidoleni. Sachie alitoa karatasi yenye mistari ya wima. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Afadhali angeambiwa avue nguo katikati ya barabara ya stesheni, kwa sababu mwili kila mtu anao, lakini kumsifu mume mbele ya wanaume wageni, hilo mama yake hakulifanya, wala bibi yake, wala mwanamke yeyote wa mtaani kwao aliye na akili timamu.

“Mume wangu,” alisoma, na sauti ikakatika. Akaanza tena. “Mume wangu ni fundi bora kuliko wote ninaowajua. Mtoto wetu alipozaliwa alisikia mapafu yake hayako sawa kabla daktari hajasikia. Amewafundisha watu kumi na tisa, na hajamtukana hata mmoja. Mama yake alipovunjika nyonga alimwosha mgongo miezi minne, kisha akaja kazini kwa wakati. Katika miaka thelathini na mmoja amechelewa mara moja, siku ya theluji, akaja kwa miguu. Ana akili nyingi. Si mzito. Nyumbani si mzigo. Na wala hakoromi. Barua ya kwanza niliiandika kwa adabu, nikidhani inasomwa na watu wenye adabu. Nukui Sachie.”

Mmoja wa wale wazee alikuwa anatazama viatu vyake kama vimeandikwa kitu.

Kuwabara hakukasirika. Alikuwa mjanja. Alijua kwamba huku kwetu anayesifiwa lazima akane: la hasha, la hasha, mimi si kitu. Hiyo nayo ni adabu. Akafungua faili, akashika kalamu.

“Vizuri,” alisema kwa upole. “Tutaandika jibu la mtumishi. Bwana Nukui, unakubaliana na sifa hizi ulizopewa?”

Pampu chini ilikwaruza, ikatulia, ikakwaruza. Bwana Nukui alifungua mdomo, na wote waliona lile neno la maisha yake yote likija, la hasha, likafika kwenye meno. Akaufunga mdomo. Akamtazama mkewe, visigino vyake vikining'inia nje ya ndara.

“Nakubaliana,” alisema.

“Samahani?”

“Nakubaliana nazo. Isipokuwa hilo la kukoroma. Nakoroma, yeye ndiye hulala mapema.”

“Bwana Nukui, hebu fikiri. Jibu hili linaingia kwenye faili.”

“Kinachoingia hakitoki, si ndivyo?” Alichukua barua mkononi mwa mkewe, akatoa muhuri wake mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya jina la Sachie, sawasawa. Kisha akatoa ile karatasi nyingine, yenye duara jekundu tupu, akairudisha juu ya faili. “Hii sigongi. Pangeni mshahara mnavyotaka. Kesho nitakuwa hapa, na keshokutwa, mpaka nitimize miaka sitini. Ukuta wenu nimeshauzoea. Na muwaambie wa chini beringi imekaa upande, nawaomba, inaniumiza masikio.”

“Mama Nukui,” alisema Kuwabara, naye sasa hakutabasamu, “muda wa wageni umekwisha.”

Sachie aliinama kidogo, akageuka. Bwana Ezure wa meza ya mlangoni alikuwa bado amesimama, amemzibia njia bila kukusudia. Alikuwa mrefu, na rangi ya pampu, ile bluu, ilikuwa imekaa kwenye kucha zake na isingetoka tena.

“Samahani, Mama,” alisema. “Una karatasi nyingine?”

“Ninayo.”

“Mimi mke wangu alifariki. Sina wa kuniandikia.”

Kuwabara alitazama saa yake. Sachie alivuta kiti cha Ezure, akakaa, akakigeuza kiti kikapa mgongo ukuta. Alipakata nakala za maadili kumi ya kampuni, akalaza karatasi juu yake na kufungua kalamu yake nzuri.

“Haya,” alisema. “Niambie.”

Bwana Ezure alikohoa, akaweka mikono ubavuni kama mtoto wa shule. “Mimi ni mtu asiyefaa kitu,” alianza, “mjinga, sina…”

“Hiyo wanayo tayari,” Sachie alisema. “Sema nyingine.”